Krismasi nyumbani ukiwa kazini mpaka tarehe 24: hatua ninazofuata

Wiki iliyopita mwenzangu wa ofisini alinifuata wakati wa chakula cha mchana akiwa na daftari na kalamu. Mwaka huu wakwe zake wanakuja kula Krismasi kwake kwa mara ya kwanza, watu kama ishirini hivi, na ana mtoto wa miezi minane. Akaniuliza, "Dada, wewe huwa unafanyaje, maana kazini tunatoka wote saa ileile jioni?" Nilimwandikia kurasa tatu. Nimeona niziandike tena vizuri, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi ni mhasibu, naishi Kimara, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Desemba ndiyo mwezi wetu mgumu: ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Novemba mwisho wake tarehe 20, awamu ya nne ya kodi ya makadirio mwisho wake tarehe 31, halafu kuna kufunga hesabu za mwaka. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni cha mtu anayefika nyumbani saa 1 au saa 2 usiku na bado anataka Krismasi iwe Krismasi.

Hatua ya 1: Hesabu jioni zako

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu. Mwaka huu, 2026, Krismasi ni Ijumaa. Tarehe 24 ni Alhamisi, siku ya kazi kamili. Kabla ya hapo una Jumamosi tatu tu: tarehe 5, 12 na 19. Una pia Jumatano tarehe 9, Siku ya Uhuru, ambayo watu wengi huimalizia kitandani. Siku hiyo ishike kwa mikono miwili.

Kata kwanza jioni zote ambazo kazi itazichukua. Mimi najua wiki ya tarehe 14 hadi 18 ni ya VAT, kwa sababu tarehe 20 ni Jumapili na sitaki kuingia kwenye mfumo wa kodi Jumapili usiku. Wiki hiyo siipangii kitu chochote cha nyumbani. Ukijipangia kazi ambayo moyoni unajua hutaifanya, utalala na majuto kila siku, na kazi bado itakuwa palepale.

Kuhusu ruhusa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, na sikukuu ikiangukia ndani ya likizo inahesabiwa humo humo. Ukianza likizo tarehe 23, Krismasi na Boksingi Dei zitakula siku zako. Mimi siombi likizo. Naomba mapema, mwanzoni mwa Desemba, kutoka saa 8 mchana siku ya tarehe 24, na naahidi kwa maandishi kazi gani itakuwa imekamilika kabla sijaondoka. Bosi anayeombwa hivyo tarehe 2 husikiliza kuliko anayeombwa tarehe 23.

Hatua ya 2: Tenga ada kabla ya mchele

Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya Krismasi, na unapaswa kukufikisha mwisho wa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa. Ukiingia, toa ada siku hiyohiyo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Sina zaidi la kusema hapa.

Hatua ya 3: Fundi cherehani

Kitenge kifike kwa fundi mwisho wa Novemba, kikiwa na picha ya mshono, vipimo vimeandikwa kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini kwenye kitambaa chenyewe, na nusu ya hela. Siku ya kujaribu iwe Jumamosi ya tarehe 12. Kama umechelewa na leo ni tarehe 10, nunua nguo ya dukani. Mafundi wazuri huwa wamejaa, na kumsukuma mtu anayeshona mpaka usiku wa manane ili mwanao apate gauni si haki kwake.

Hatua ya 4: Dada wa kazi aende kwao

Hili nalishikilia sana. Dada anayetusaidia nyumbani ana mama yake, na mama huyo pia anasubiri Krismasi. Ni mfanyakazi, na zile siku 28 ni zake pia. Mpe tarehe mapema, mlipe mshahara wake kamili kabla ya safari, mkatie tiketi ya basi mapema kwa sababu mabasi ya mikoani hujaa, na mfungie kitu cha kumpelekea mama. Wa kwetu ataondoka Jumamosi ya tarehe 12.

Maana yake, wiki mbili za mwisho ni sisi wenyewe. Watoto wamefunga shule, kwa hiyo nawapa kazi zenye majina: mkubwa anaosha vyombo na kupasha chakula, wa pili anafagia uwanja na kukunja nguo. Baba yao anashika soko la mboga na kuwapeleka mazoezi ya kwaya. Niliyagawa haya mbele ya wote, mezani, na nikaacha kuyarudia. Ukimwambia mume "nisaidie", utaendelea kuwa wewe unayekumbuka kila kitu. Mwambie "mboga na kwaya ni vyako", kisha usifuatilie.

Hatua ya 5: Usafi mkubwa, tarehe 9

Mapazia, madirisha, makochi nje juani, friji kuyeyushwa barafu na kuoshwa. Barafu isiachwe, utaona sababu kwenye hatua ya 7. Baada ya hapo hadi Krismasi ni kufagia na kupiga deki tu.

Hatua ya 6: Manunuzi

Vikavu vyote vinunuliwe kabla ya tarehe 12: mchele, unga, mafuta, sukari, viungo. Kutoka Posta hadi Kariakoo ni mwendo mfupi kwa basi la mwendokasi ukishukia kituo cha Gerezani, kwa hiyo mimi hutumia saa ya chakula cha mchana siku mbili za katikati ya wiki, nikibeba kidogo kidogo. Jumamosi za Desemba Kariakoo siendi kabisa, utapoteza siku nzima ukiwa umesimama.

Mchele wa pilau: muulize muuzaji kama ni wa zamani au mpya, na chukua wa zamani. Mchele mpya unanukia vizuri sana kwenye wali mweupe, lakini kwenye pilau ya sufuria kubwa unageuka bokoboko.

Nyama tunachukua machinjioni Vingunguti, Jumamosi ya tarehe 19 asubuhi mapema, kilo 5 kwa watu ishirini. Gesi: kama una mtungi mmoja, ujaze tarehe 19 hata kama haujaisha, au azima mtungi wa akiba. Umeme wa LUKU nunua wa kutosha siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Chapati

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa ndipo nataka usome polepole.

Miaka mitatu iliyopita, tarehe 24, nilitoka kazini saa 12 jioni. Nikaanza kukanda unga saa 3 usiku. Chapati 36, flampeni moja. Nilimaliza saa 8 usiku, misa ya mkesha ikiwa imenipita na watoto wamelala bila kuvaa nguo zao za kanisani. Nililia jikoni. Mwaka uliofuata nikaamua kuzipika mapema na kuzigandisha, na nikakosea tena: nilizipanga zikiwa za moto, moja juu ya nyingine. Mvuke ukageuka maji, maji yakageuka barafu, na asubuhi ya Krismasi nilikuwa na tofali moja la unga ambalo kila nilipobandua chapati ilichanika. Kilo 3 za unga zilipotea. Baada ya hapo nilijaribu Jumamosi kadhaa mfululizo, na hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Kilo moja ya unga wa ngano hunipa chapati 12 za ukubwa wa sahani. Chumvi vijiko viwili vya chai, mafuta vijiko vinne vya chakula, maji ya vuguvugu zaidi kidogo ya nusu lita, ukiongeza taratibu. Sukari usiweke: chapati ya kugandisha inarudi motoni mara ya pili, na sukari huifanya iwe nyeusi kabla haijaiva. Maziwa na mayai pia sitii. Kanda mpaka unga uwe laini kama ncha ya sikio, funika, uache nusu saa. Sukuma, paka mafuta, kunja, sokota madonge, yaache tena robo saa, halafu sukuma.

Sasa kukausha. Flampeni ya chuma, nzito. Zile zisizonata sizipendi kwa chapati hata kidogo, kwa sababu hazishiki moto sawasawa. Moto wa wastani, bila tone la mafuta. Weka chapati, subiri iote malengelenge madogo na weupe wake ufifie, geuza, fanya hivyohivyo, toa. Ni kama dakika moja kwa kila upande. Ikiwa na madoa ya kahawia umeipitisha: siku ya kuimalizia itakuwa ngumu kama ngozi.

Kupoza ndiyo siri yenyewe. Tandaza kanga safi juu ya meza na uzipange moja moja, zisigusane, funika na kanga nyingine nyepesi. Ziache mpaka ukiweka kiganja usihisi joto lolote, hata chini yake. Kwangu huchukua nusu saa, na siku za joto la Dar zaidi ya hapo. Usiwashe feni juu yake, zinakauka kingo.

Kisha zipange sita sita, kila moja ikitenganishwa na karatasi ya kuokea. Usikate mifuko ya dukani kufanya kazi hii. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, na hii ya kitambaa tuliyonayo sasa inapitisha hewa. Nunua mifuko ya kuhifadhia chakula au tumia vyombo vyenye mfuniko unaobana. Toa hewa, funga, laza bapa. Usizisimamishe mpaka zigande.

Lini? Ukiwa na friza inayojitegemea, Jumamosi ya tarehe 12 inafaa kabisa. Ukiwa na friji ndogo yenye kasha la barafu juu, usizidishe siku tatu au nne: zifanye Jumatatu na Jumanne, tarehe 21 na 22, nusu kwa nusu. Na kasha likiwa na ukuta wa barafu ya zamani halitagandisha vizuri, ndiyo maana tumeliyeyusha tarehe 9.

Umeme ukikatika, usifungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa ikibaki imefungwa hushika ubaridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kwa hiyo jaza nafasi tupu kwa chupa za maji.

Mwenzangu aliniuliza, je, kama huna friza kabisa? Yeye hana. Kuna njia mbili. Ya kwanza, omba nafasi kwa jirani mwenye friza, uandike jina kwenye mifuko yako na umpelekee sahani ya chapati siku yenyewe. Ya pili, kanda unga tarehe 24 usiku, sokota madonge, yapake mafuta, yafunike vizuri na yalaze kwenye friji mpaka asubuhi. Usiku mmoja tu, kwa sababu baada ya siku mbili unga unaanza kuwa wa kijivu. Utasukuma asubuhi, lakini kukanda na kusokota, ambako ndiko kunakomaliza mikono, kumekwisha.

Kuzimalizia: tarehe 24 jioni hamishia chapati sehemu ya chini ya friji. Zisiachwe mezani usiku kucha. Asubuhi, flampeni mbili, mafuta kidogo kila upande, dakika moja hivi kwa upande, moja kwa moja kwenye hotipoti lenye kitambaa chini. Chapati 36 hunichukua dakika 45. Usipitishe kwenye maikrowevu kwanza, zinakuwa za kuvutika.

Hatua ya 8: Pilau

Jumamosi ya tarehe 19 jioni, chemsha nyama yote na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi mpaka iwe laini, ipoe, igandishe pamoja na supu yake. Binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga vikaange vikavu usage, weka kwenye chupa. Vitunguu vikaange mpaka vigeuke kahawia tarehe 22, vichuje mafuta, weka kwenye friji. Viazi vimenywe siku yenyewe. Ukishafanya haya, pilau ni kazi ya saa moja na robo.

Hatua ya 9: Tarehe 24

Nikitoka saa 8 nafika nyumbani saa 10. Nyama na chapati zinashuka chini ya friji, kachumbari sigusi mpaka kesho, watoto wanaoga, nguo zimepigwa pasi tangu Jumapili. Saa 12 na nusu tunaondoka kwenda misa ya mkesha, wote.

Hatua ya 10: Tarehe 25

Bandika pilau saa 4 asubuhi, chapati saa 5, kachumbari saa 6. Wageni wakiingia saa 7 utakuwa umeshaoga.

Kitu cha mwisho nilichomwandikia mwenzangu: nunua vyombo vyenye mfuniko kumi hivi vya bei rahisi, ili wakwe waondoke na chakula chao jioni. Weka pia kimoja chako cha Jumatatu tarehe 28, kwa sababu siku hiyo tunaanza kufunga hesabu na hatutapata muda wa kutoka kula.