Kabla ya kuingia Arabuko-Sokoke, amua unataka udongo gani

Naendesha tuktuk hapa Malindi, na abiria wengi ninaowapeleka Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hutaka kuumaliza msitu wote kwa asubuhi moja. Haiwezekani. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, kutoka upande wa Sokoke, Kilifi, mpaka Jilore nyuma ya Malindi, na katika misitu mikavu ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki hakuna mkubwa kuushinda. Basi kabla ya kupatana nauli huwauliza: mwataka kuona nini hasa? Humu kila kiumbe ana udongo wake, na safari yako ipange kwa udongo huo.

Nasema mikavu kwa sababu wapo wanaokuja wakitarajia ukungu na miti inayodondosha maji mchana kutwa. Msitu wa namna hiyo uko Kakamega. Huu wetu hunywa masika ukavumilia miezi mingine.

Upande wa mashariki, karibu na barabara kuu ya Mombasa, ni msitu wa mchanganyiko. Hapo ndipo mibambakofi ilipo, na ndipo pa kumtafuta sange. Sange ni mnyama wa nusu kilo hivi, pua ndefu inayochezacheza, na nyuma ana manyoya ya njano kana kwamba alikaa kwenye manjano. Karibu wote waliobaki duniani wako msitu huu. Hupekua majani makavu akitafuta wadudu, kwa hiyo utamsikia kabla hujamwona. Simama. Ukimkimbilia utaona hiyo njano tu ikipotea. Na mtafute alfajiri, kabla jua halijakuwa kali. Kutoka Malindi ondoka mara tu baada ya swala ya asubuhi. Kituo cha msitu kiko mbele kidogo ya njia panda ya Gede ukielekea Mombasa.

Katikati kuna mchanga mweupe, na juu yake miti ya mirihi. Ni msitu wa wazi, mwanga unafika chini, kutembea ni raha. Wapenda ndege hushinda hapa shingo juu wakimngoja mnana wa Clarke, ndege wa njano na nyeusi ambaye hapatikani popote duniani nje ya kaunti hii ya Kilifi. Wanaruka kwa makundi vileleni, leo wako, kesho wamehama. Usiahidi watoto kwamba watamwona.

Halafu kuna udongo mwekundu, magharibi na kaskazini, vichaka vya sinometra vilivyosongamana. Mimi hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ya bundi wa Sokoke. Ana sentimita 16 hivi tu, na wataalamu walimwandika mara ya kwanza mwaka 1966. Nje ya hapa anajulikana kwenye vilima vya chini vya Usambara, Tanzania. Wengine wa kijivu, wengine kahawia, wengine wekundu kama udongo wenyewe. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu huamka wakasoma dua, na nimeona bundi wakipigwa mawe kwa hofu hiyo. Natamani kila mtoto wa Malindi apelekwe akawaone bundi hawa, wawili wawili, waliobanana kwenye tawi la chini, macho nusu yamefumbwa, akajua kwamba hawamtakii mtu shari.

Bundi huyo hutamwona bila mwongozaji. Ongea na waongozaji wa pale kituoni siku moja kabla, uwaambie wazi kwamba unamtaka bundi, ili wapate nafasi ya kujua amelala wapi. Hata usipomtaka bundi, mchukue mwongozaji: msitu una ndovu, na kichakani ndovu humwoni mpaka umemfikia. Mwongozaji akianza kupiga sauti ya ndege kwenye simu tena na tena, mwambie imetosha. Ndege anadhani amevamiwa, anaacha kula ili apigane na kivuli.

Beba kitambulisho, maana mwananchi na mgeni hawalipi sawa, na weka pesa kwenye simu. Suruali ndefu, uitie ndani ya soksi kwa ajili ya kupe na siafu. Maji tia kwenye chupa ya kudumu: tangu Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye misitu na hifadhi za Kenya. Mahamri na mbaazi zikae kwenye mkebe. Ndani hakuna duka.

Aprili na Mei njia za udongo mwekundu huteleza, gari likazama. Epuka. Anayetoka Lamu asipange kushuka basi akaingia msituni siku hiyo hiyo, atafika jua limeshakuwa kali na wanyama wametulia. Alale Malindi, Watamu au Gede.

Saa nne jua likichoma, toka, uende Gede kwenye magofu, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2024. Hapo hapo kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993: majirani wa msitu hufuga viwavi na kuuza pupa kwa maonyesho ya vipepeo ng'ambo. Nunua asali yao. Mwenye mapato kutoka msituni ana sababu ya kuulinda.

Jioni, nenda Mida, kwenye hori la bahari. Njia ya mbao inapita juu ya mikoko mpaka penye kibanda cha kutazamia ndege, na sehemu ya ada yako husaidia karo za sekondari za watoto wa pembeni mwa msitu. Uliza mapema saa ya maji: bamvua likijaa ndege husogezwa karibu, maji yakitoka wako mbali.

Na nauli patana ya kwenda, kungoja na kurudi, kabla ya kupanda. Tuktuk inakufikisha kituoni, magofuni na Mida. Kwenye udongo mwekundu haiingii. Huko kodi gari la juu, lenye kuvuta magurudumu yote manne.