Kufufua mkoba na pochi ya ngozi ya mtumba, hatua kwa hatua

Mikoba mingi ya ngozi inayochaguliwa kwenye masoko ya mitumba kama Karume (Dar es Salaam) au Gikomba (Nairobi) huharibika siku ya kwanza ikifika nyumbani. Inatumbukizwa kwenye beseni la sabuni ya unga, inasuguliwa kwa brashi ya nguo, kisha inaanikwa juani. Jioni ngozi imekakamaa kama kadibodi. Sababu inaeleweka: ngozi iliyokwisha kutengenezwa ina asidi kidogo, pH yake ni karibu 4 hadi 5, wakati sabuni ya unga na ya mche ni kali upande wa pili, 9 na zaidi. Nyuzi za ngozi zinavimba, mafuta yaliyomo yanatoka na maji, na zikikauka zinagandana na kupasuka. Jik ni mbaya zaidi, isiguse ngozi kabisa.

Kazi iliyoelezwa hapa inachukua siku tatu hadi nne (ukipaka rangi, ongeza siku tatu za kusubiri kabla ya kuutumia mkoba), na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri ikauke. Andaa vitambaa vyeupe vya pamba (fulana kuukuu inafaa), mswaki laini, sifongo, shampuu ya mtoto, spiriti isiyo na rangi ya duka la dawa, krimu ya ngozi isiyo na rangi na karatasi nyeupe. Vitambaa viwe vyeupe kwa sababu ndivyo vitakavyokuonyesha mapema kama rangi ya mkoba inatoka.

Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Usiamini harufu, maana hata ngozi bandia hupulizwa harufu ya ngozi. Tazama ukingo uliokatwa, ndani ya mfuko au chini ya kifuniko. Ngozi halisi inaonyesha nyuzi zilizosokotana ovyo. Bandia inaonyesha kitambaa kilichofumwa na juu yake utando mwembamba wa plastiki. Kuna na ile ya katikati, vipande vya ngozi vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Ukingo wake unadanganya, lakini ukiukunja unapasuka kwa mistari na kubanduka magamba.

Utando wa plastiki ukianza kubanduka, uache mkoba huo sokoni. Unyevu na joto vimekwisha kuuvunja, na hakuna krimu wala rangi itakayoushika. Hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote.

Kwa ngozi halisi, dondosha tone moja la maji mahali pa siri. Likikaa juu kwa dakika mbili, ngozi ina utando wa rangi na itavumilia kuoshwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi, na kila kioevu kitaingia. Hapo tumia nusu ya unyevu unaotajwa hapa chini. Ngozi yenye manyoya laini kama mahameli haioshwi kwa njia hii: piga mswaki mkavu, tumia raba safi ya kufutia penseli kwenye madoa, basi.

Hatua ya 2: Ndani kwanza

Vuta bitana nje, toa vumbi na makombo kwenye kona za mshono kwa mswaki mkavu. Bitana ya kitambaa ifute kwa povu bila kuilowesha, kwani maji yakipita hadi kwenye gundi, ngozi ya nje itaonyesha mawimbi. Mikoba ya zamani mara nyingine ina bitana inayonata vidole kama pipi iliyoyeyuka. Huo ni utando wake unaooza, na poda inaufunika kwa siku chache tu. Mpelekee fundi aishone bitana mpya.

Hatua ya 3: Ukungu au mafuta?

Weupe juu ya ngozi si lazima uwe ukungu. Mafuta ya ngozi yenyewe hupanda juu na kuganda kama vumbi jeupe. Pitisha drayeri ya nywele kwa umbali wa sentimita 20: mafuta yanayeyuka na kupotea, unafuta kwa kitambaa kikavu. Ukungu haubadiliki, na una harufu ya chumba kilichofungwa.

Ukungu ufanyie kazi nje, umefunika pua. Ufute kwanza ukiwa mkavu, tupa kitambaa hicho, halafu changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, lowanisha kitambaa kidogo na upite mara moja. Jaribu kwanza mahali pa siri, kwa sababu spiriti huyeyusha baadhi ya rangi. Fanya hivyo hivyo ndani ya mifuko yote. Ukiacha mfuko mmoja, wiki mbili baadaye ukungu umerudi.

Hatua ya 4: Kuosha kwa povu

Kijiko kimoja cha chai cha shampuu kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Kamua sifongo mpaka litoke povu, na kinachogusa mkoba kiwe povu lile, maji yabaki kwenye bakuli. Anza juu ushuke, ukizungusha taratibu, kipande kizima kwa mara moja, kutoka mshono hadi mshono. Ukikomea katikati, maji yatakauka na kuacha mstari kama wa bahari ufukweni, na mstari huo hautoki mpaka ulowanishe kipande chote upya.

Vishikio vina uchafu mzito kuliko pote: jasho na losheni vimegandana vikawa utando mweusi. Usisugue kwa nguvu. Rudia povu mara tatu au nne, ukisubiri ikauke kila mara. Pita kitambaa chenye unyevu wa maji matupu, kisha kikavu.

Jaza mkoba karatasi nyeupe urudi umbo lake. Gazeti huacha wino kwenye bitana. Uache kivulini penye upepo kwa saa 24 hadi 48. Drayeri na jua ni marufuku hapa: ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto ambalo ikiwa kavu ingelivumilia, na ikishasinyaa hairudi.

Doa la mafuta lifunike kwa poda ya mtoto au unga laini wa wanga wa mahindi, uache usiku mzima, upanguse, urudie. Wino wa kalamu ukishaingia ndani, spiriti itautawanya na kung'oa rangi ya ngozi pamoja nao. Ni salama zaidi kuufunika kwa rangi katika hatua ya 6. Mkoba wenye harufu ya kuvunda ufungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa mkavu ndani ya soksi, siku mbili hadi tatu.

Hatua ya 5: Kulainisha

Paka krimu baada ya ngozi kukauka kabisa. Ukipaka ikiwa na unyevu, unayafungia maji ndani na kuukaribisha ukungu. Krimu ya ukubwa wa harage moja inatosha upande mmoja wa mkoba wa kawaida. Pasha kati ya vidole, sambaza, subiri saa moja, kisha ng'arisha kwa kitambaa kikavu. Ngozi iliyopauka sana ipake mara ya pili kesho yake.

Mafuta ya kupikia huchacha na kunuka. Vaselini hukaa juu na kukusanya vumbi. Kiwi ya rangi inafaa viatu, lakini mkoba hukaa ubavuni unasugua nguo, na nta ile yenye rangi itaishia kwenye gauni jeupe la mwenye mkoba.

Hatua ya 6: Pembe na rangi

Pembe ndizo zinazouzeesha mkoba, na ndizo zinazostahili muda wako. Kama kamba ya plastiki iliyomo ndani ya ukingo imechungulia nje, hiyo ni kazi ya fundi. Kama ni kuchubuka tu, laza nyuzi zilizosimama kwa gundi nyeupe ya maji kidogo, iache ikauke, kisha piga msasa namba 600 mpaka kidole kisihisi mkwaruzo.

Futa sehemu hiyo na kidogo pembeni yake kwa pamba yenye asetoni, mbali na moto, mpaka mng'ao uondoke. Bila hivyo rangi haishiki. Tumia rangi ya akriliki ya ngozi, si ya ukutani wala ya kucha. Ichanganye kidogo kidogo: nyeusi huongezwa kwa ncha ya kijiti, na ujue kwamba rangi hii ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyo mbichi. Jaribu chini ya mkoba, subiri ikauke, ndipo ulinganishe mchana kwenye mwanga wa dirisha.

Gonga kwa kipande cha sifongo kilichokaribia kukauka. Tabaka nne nyembamba, nusu saa kati ya moja na nyingine. Tabaka moja nene litapasuka mara ya kwanza mkoba ukikunjwa. Malizia kwa tabaka mbili za kifunika-rangi (utando angavu unaoilinda rangi), na usiutumie kwa siku tatu.

Hatua ya 7: Zipu na vyuma

Zipu ngumu isugue kwa mshumaa, au kwa penseli kama ni ya chuma. Ikifunga halafu meno yakaachana nyuma, kichwa chake kimepanuka: kibane kwa plaizi upande huu na huu, kidogo sana, ukijaribu kila mara. Ukilazimika kununua kipya, angalia namba mgongoni mwake; 5 ni ya kawaida kwa mikoba, 3 kwa pochi.

Utando wa kijani kwenye misumari unatokana na shaba kukutana na mafuta ya ngozi. Ukwangue kwa kijiti cha meno, ufute kwa spiriti. Brasso, dawa ya kung'arisha vyuma, ni ya shaba tupu. Kwenye chuma kilichopakwa dhahabu itaondoa dhahabu yote.

Pochi na waleti

Hatua ni zilezile, ila unyevu uwe mdogo zaidi kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na imejaa gundi. Waleti iliyopinda kwa kukaliwa mfuko wa nyuma ifute kwa kitambaa chenye unyevu, weka kadi mbili kila mfuko, ilaze chini ya vitabu vizito kwa siku mbili. Mifuko ya kadi iliyolegea itabana kiasi ikikauka, si kama mpya. Mshono uliokatika ushone kwa sindano mbili na uzi wa nailoni uliopakwa nta, ukipita matundu ya zamani tu. Tundu jipya kati ya mawili linaigeuza ngozi kuwa stempu inayosubiri kuchanika.

Mkoba usiotumika uweke ndani ya mfuko wa kitambaa, umejazwa karatasi. Wakati wa masika, hasa Pwani, ufungue kila wiki mbili na uuanike kivulini kwa saa moja.