Uchungu Umeanza: Gari Libaki Wapi, Chombo Kifungwe Wapi?

Hospitali ya kaunti ya Lamu, ile ambayo wengi huiita King Fahd, iko kisiwani. Anayempeleka mama kujifungua akitoka bara, Hindi au Mpeketoni, ataliacha gari Mokowe na kuvuka kwa boti. Anayetoka kisiwa cha Pate, yaani Pate mjini, Siyu, Faza au Kizingitini, atakuja baharini moja kwa moja. Kwa hiyo pa kuegesha pana mahali pawili, bara na majini, na penye matatizo zaidi ni majini.

Jambo la kwanza kupanga ni watu. Wanatakiwa wawili: mtu wa mama na mtu wa chombo. Mtu wa mama haachi mkono wake mpaka wodini. Mtu wa chombo hashuki mpaka chombo kiko salama. Kosa linalojirudia ni mume kuwa ndiye nahodha: akifika hufunga kamba fupi kwenye ngazi ya jeti, akakimbia na mkewe. Saa mbili baadaye maji yamepwa, chombo kinaning'inia, na boti nyingine iliyoleta mgonjwa haipati pa kushushia. Wodi za wazazi mara nyingi humruhusu msindikizaji mmoja tu, na pengine humtaka awe mwanamke. Ulizeni mapema kliniki, ili ijulikane kama atakayeingia ni mama yake, shangazi au mumewe.

Kisha maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku chache baada yake. Siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Tofauti ya kujaa na kupwa kwa bamvua hupita mita 3. Maji mafu, yale ya katikati ya bamvua moja na nyingine, hayashuki sana, na saa zake huwa karibu kinyume: hujaa mnamo saa nne, hupwa mnamo saa kumi. Mimba ikifika wiki ya 36, andikeni saa hizi kwenye kalenda ya ukutani, siku kwa siku, mpaka wiki ya 42. Kwa watu wa Pate hili lina uzito wake, kwa sababu Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, ukipwa bamvua vyombo vingi havipiti. Hapo ni kungoja, au kuzunguka nje ya Manda, na wakati wa upepo wa kusi huko si njia ya kumpitisha mwenye uchungu. Pate mjini nako chombo hufika maji yakijaa tu. Yakipwa, ni kutokea bandari ya Mtangawanda.

Ndiyo maana mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kupasuliwa, mwenye presha au mwenye mapacha ni bora ahamie Lamu mapema, tangu wiki ya 37 au 38, akae kwa ndugu mitaa ya mjini, Langoni au Mkomani. Hakuna chombo chenye mwendo wa kushinda hilo.

Kwa aliyeko karibu, Shela au Mokowe, mimba ya kwanza ikiwa haina shida, kanuni ya kawaida ni kuondoka uchungu ukija kila dakika 5, ukidumu dakika 1, kwa muda wa saa nzima. Hesabuni tangu mwanzo wa uchungu mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Mwenye safari ndefu asingoje hapo: uchungu ukishakuja kwa mpango kila dakika 10, ondokeni. Aliyekwisha kuzaa aondoke mapema zaidi, kwani huenda haraka. Damu nyingi, maji ya uzazi yenye rangi ya kijani, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au mtoto kuacha kucheza: hapo hakuna kuhesabu, ni kuondoka na kupiga simu hospitali njiani. Kwa wa kaskazini ya Pate, hospitali ya Faza ndiyo ya karibu. Usiipite ukiwa na dalili kama hizo.

Chombo kikae tayari kuanzia wiki ya 36. Mashini ya nguvu za farasi 15 ikiendeshwa kwa kasi hunywa kama lita 6 hadi 7 kwa saa, ya 40 hunywa kama lita 18 hadi 20. Wekeni petroli ya kwenda na kurudi na nusu yake ya akiba. Kwa mashini za kuchanganya petroli 50 kwa oili 1, lita 20 zinataka mililita 400. Oili ikizidi, plagi huziba na mashini hukohoa katikati ya mkondo. Chujeni petroli kwa kitambaa safi ili kuondoa uchafu, na ile ya chini ya dumu msiimimine, kwa kuwa dumu lililokaa miezi miwili huweza kuwa na maji chini. Wekeni plagi mbili za akiba, spana yake, na tochi. Na kabla ya kuwasha, fungua kiskurubu kidogo cha hewa juu ya kifuniko cha tangi. Kikisahaulika, mashini hukata baada ya dakika chache kana kwamba petroli imekwisha, na watu hupoteza muda kufungua plagi zisizo na kosa.

Mama alale kwa ubavu wa kushoto, juu ya godoro, karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo. Omo, mbele yake, ndiyo inayopigwa na wimbi. Avae jaketi la kuokolea kama kila mtu mwingine. Kitabu cha kliniki, vitambulisho na karatasi za SHA, ile bima ya afya, viwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, si ndani ya kikapu cha nguo.

Mkifika, shusheni mama ngazini, kisha chombo kiondoke hapo papo hapo. Kikifungwa jetini maji yakiwa juu, iacheni kamba ndefu kupita ile tofauti ya mita 3, na awepo wa kuiangalia. Kikifungwa maji yakiwa chini, tahadhari ni nyingine: yakijaa, omo huweza kuingia chini ya jeti na kubanwa. Salama zaidi ni kutia nanga nje. Pima kina kwa kamba yenye jiwe. Maji yakiwa yamejaa bamvua patafute penye mita 5, ili yakipwa ibaki zaidi ya mita 1, na kamba ya nanga iwe angalau mita 15, yaani mara tatu ya kina. Inua mashini kabla ya kushuka.

Kutoka jetini, mitaa ya mjini ni myembamba. Mwenye mkokoteni aitwe kwa simu mkiwa bado baharini. Wa Shela wakumbuke kwamba njia ya ufuoni hufunikwa na maji yakijaa, hivyo waje kwa boti.

Mokowe, egesha gari mbali na njia ya kuingilia jetini, uso ukitazama barabarani, juu ya alama ya maji ya bamvua. Liache na petroli isiyopungua nusu tangi, na ufunguo mmoja abaki nao ndugu wa bara. Mama akipewa rufaa ya kwenda Malindi au Mombasa kwa ambulensi, safari ya barabarani huanzia hapo hapo Mokowe, na jamaa watalihitaji gari hilo ili kumfuata.

Baada ya kuzaa salama mama hukaa hospitalini angalau saa 24. Mtu wa chombo akague nanga kila maji yanapogeuka. Siku ya ruhusa, muulizeni muuguzi karatasi zitakuwa tayari saa ngapi kabla ya kumwita nahodha. Zikichelewa hadi maji yamepwa, mama na kichanga wabaki wodini kivulini. Wasishuke jetini mpaka chombo kiko ngazini.