Kupima elimu, kipato na misimamo ya siasa mkoani Tanga

Usianze na matokeo ya uchaguzi. Wengi huchukua kura za majimbo, wakaziweka kando ya wastani wa kipato, kisha wakatangaza kwamba maskini huwaza hivi na matajiri vile. Wastani wa eneo hausemi habari za mtu mmoja mmoja. Huko Marekani, chaguzi za 2000 na 2004 majimbo tajiri kama Connecticut yaliwapa kura Democrat, ilhali ndani ya majimbo mengi wenye kipato kikubwa ndio walioelekea Republican. Tena kura si itikadi: jimbo la Tanga Mjini lilichukuliwa na chama cha CUF mwaka 2015, likarudi kwa chama tawala, CCM, 2020, na elimu ya watu haigeuki hivyo kwa miaka mitano.

Kwa hiyo hoji watu, na uwahoji kuhusu mambo. Ukimuuliza mtu wa Mkinga kama ni wa mrengo wa kushoto au kulia, atakujibu kwa adabu, ila jibu halitakufaa. Mpe kauli mbili achague: serikali ipange bei ya mazao, au mkulima na mnunuzi waelewane wenyewe. Andaa sita hadi nane za namna hiyo: ardhi, ushuru wa wamachinga, mashirika ya umma, madaraka ya halmashauri. Katika nusu ya kauli hizo, msimamo wa kutaka serikali uje kwanza. Katika nusu nyingine uje wa pili, maana wapo wanaokubali lolote linalotangulia.

Elimu ndiyo inayodanganya kuliko yote. Weka ngazi: hakusoma, msingi, kidato cha nne, cha sita, chuo. Madrasa iwe na swali lake, la sivyo mzee anayesoma na kuandika vizuri ataingia kwenye “hakusoma”. Andika na umri. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, hivyo vijana wana elimu kubwa kuliko wazazi wao. Ukisahau umri, utaita athari ya elimu kile ambacho ni ujana tu.

Kipato usikiulize kwa shilingi. Mvuvi wa Pangani hupata kwa bamvua akakosa maji yakiwa mafu, na mkulima wa machungwa Muheza husubiri msimu. Hesabu vitu: bati, umeme, friji, pikipiki, simu janja. Ongeza swali moja: mwaka uliopita, mara ngapi nyumba ilikosa chakula au fedha taslimu?

Watu 400, wanane kwa kila mtaa au kijiji katika vituo 50, wanatosha kwa picha ya mkoa. Makadirio yatapotoka asilimia 5 hivi juu au chini, na zaidi kidogo kwa kuwa umewachagua kwa makundi. Ukiwagawa mafungu manne, kila fungu hupotoka asilimia 10. Pitisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, hadi mtendaji wa kata, lakini asiingie nawe nyumbani kwa mtu: mbele yake kila mtu ameridhika. Nguo za rangi za vyama, kama kijani au zambarau, ziache nyumbani.

Kwenye uchambuzi, linganisha wenye kipato tofauti walio na elimu ileile, umri uleule, halmashauri ileile. Tofauti ikitoweka ndani ya Lushoto na ndani ya Tanga Jiji, basi ulichokiona mwanzo kilikuwa cha mahali. Seli, yaani kundi moja la elimu, kipato na umri, ikiwa na watu chini ya 30 iunganishe na jirani yake.