Kupanda Morningside na kurudi Dar jioni

Mtu wa Dar anayetaka mlima wa kweli na bado alale kwake, aende Morogoro. Tangu treni ya SGR (reli mpya ya kisasa) ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, safari ni chini ya saa mbili. Basi la kutoka Stendi ya Magufuli pale Mbezi linaweza kukumalizia saa nne au zaidi foleni ikikaa vibaya, na kwa mpango huu hizo saa mbili za ziada ndizo zinazoharibu kila kitu.

Kwa siku moja chagua Morningside, nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani iliyo kwenye ubavu wa milima ya Uluguru, juu ya mji. Mlima Lupanga, wa hapohapo Uluguru, unavutia zaidi ukiutazama kutoka chini, ila kilele chake kinapita mita 2,100 na mji uko kwenye mita 500 hivi. Hapo ni kupanda mita 1,600, sehemu kubwa ndani ya msitu wenye mizizi na utelezi. Anayeutaka Lupanga alale Morogoro.

Ratiba ipange kuanzia mwisho wa siku. Tuseme tiketi yako ya kurudi ni ya saa 1 usiku. Stesheni iko Kihonda, mbali kidogo na mjini, na kuna ukaguzi wa mizigo, kwa hiyo uwe pale saa 12. Kunawa, kula na bajaji vipe saa nzima: mguu wa mlima uwe umeuacha saa 11. Kushuka tenga saa mbili na nusu, weka saa moja ya dharura, na unapata saa 7:30 mchana. Huo ndio muda wa kugeuka, popote utakapokuwa, hata kama nyumba unaiona pale mbele. Uandike kwenye simu kabla hamjaondoka Dar, maana ubishi wa mlimani kila mara humpendelea anayetaka kuendelea.

Kukadiria muda wa kupanda, tumia kanuni ya mpanda milima Mskoti Naismith ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa mita 700 inatoa kama saa mbili na dakika 22. Naismith hakupanda na joto la Morogoro, basi ongeza robo: saa tatu. Ukianza saa 3:30 asubuhi unafika saa 6:30. Treni ya alfajiri inakuwezesha. Ya baadaye haikuwezeshi.

Kukwama kwa wengi kunatokana na Dar kuwa tambarare. Pumzi unaweza kuwa nayo, mapaja ndiyo yamezoea lami. Wiki tatu kabla, tafuta jengo la ghorofa 10: kupanda mara tano ni kama mita 150. Shuka pia kwa miguu, usichukue lifti, kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Jumamosi moja tembea msitu wa Pugu ukiwa na mzigo uleule utakaoubeba.

Maji ni lita 3 kwa kila mtu, na lita moja kati ya hizo changanya pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari) ya duka la dawa. Anayetoka jasho jingi na kunywa maji matupu anaweza kubanwa na misuli ya mashavu ya miguu wakati wa kushuka. Chakula: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga. Chipsi mayai acha. Mafuta yake yanakaa tumboni mlima mzima.

Viatu viwe raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa. Kata kucha za miguu siku mbili kabla. Kabla ya kushuka, keti, sukuma kisigino nyuma kabisa, kisha kaza kamba sehemu ya kifundo. Ukiacha kamba ilivyokuwa wakati wa kupanda, vidole vitagonga mbele kila hatua na kucha zitakuwa nyeusi kesho yake. Udongo mwekundu uliolowa unateleza, hasa pale paliposuguliwa na nyayo zikang'aa: kanyaga pembeni kwenye majani, hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Fulana ya pamba inashika jasho, na juu upepo ukivuma utatetemeka, kwa hiyo beba ya kubadilisha, koti jepesi la mvua na tochi ya kichwani. Ukikuta siafu wamevuka njia, chomeka suruali ndani ya soksi na upite haraka. Kusimama kuwapiga picha ni kosa.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri. Hata hivyo asubuhi ndiyo yenye mandhari: mchana mawingu ya unyevu wa Bahari ya Hindi hujikusanya juu ya Uluguru na mji ukapotea chini yako. (Mawingu hayohayo huulisha mto Ruvu, unaoleta maji ya bomba Dar, kwa hiyo usiyalaani sana.)

Njia inapita kwenye mashamba ya Waluguru. Salimia, usikate njia katikati ya matuta ya mboga, na kabla ya kupiga picha ya mtu omba. Mwongozaji wa pale mchukue, mkubaliane bei kabla ya hatua ya kwanza, na muulize kama bei hiyo ni ya kundi au ya kichwa. Mkitaka kuendelea juu ya Morningside mnaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyo chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na huko lazima kibali. Kishughulikie siku kabla. Mlangoni kwa maneno matamu hakipatikani.

Tiketi kata zote mbili pamoja, kwenda na kurudi, mapema hasa kama ni wikiendi. Ya kurudi ndiyo huisha, na ukiikosa rudi stendi ya Msamvu ukatafute basi.