Kutenganisha miruko kwa anwani katika ripoti ya perf

Perf ni zana ya Linux ya kupima utendaji wa programu, na mruko ni pale prosesa inapoacha kufuata maagizo kwa mfululizo ikaenda anwani nyingine. Ripoti ya miruko inayotolewa na perf huwapotosha wengi kwa namna moja. Unaona mstari mmoja wenye asilimia kubwa, funksheni ile ile kushoto na kulia, ukadhani umepata mruko mmoja mzito. Kumbe ni miruko mitano tofauti iliyorundikwa pamoja. Safu za `symbol_from` na `symbol_to` hulinganisha miruko kwa funksheni, si kwa anwani. Tuseme funksheni yako inaitwa `chuja`: kila kilichotoka `chuja` kikaingia `chuja` huhesabiwa kuwa kitu kimoja, hata kama ndani ya funksheni hiyo mna vitanzi vitatu na masharti kumi.

Kasoro hii haionekani kwa kila mtu, na ndiyo maana imewachelewesha wengi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha Skylake hurekodi pia mapigo ya saa yaliyopita tangu mruko uliotangulia, na mpangilio wa kawaida wa perf kwa miruko una safu ya `cycles`. Mistari hujigawa yenyewe kwa sababu ya mapigo hayo. Kwenye kizazi kilichotangulia, Broadwell, na vya kabla yake kipimo hicho hakipo, hivyo kila kitu hurundikana. Lakini hata mgawanyo wa Skylake ni wa bahati tu: mruko mmoja hutawanyika katika mistari mingi kwa kuwa mapigo yake hubadilika, na miruko miwili yenye mapigo sawa huungana. Usiutegemee.

Kurekodi

Kwa programu ya kawaida:

```
perf record -b -e cycles:u -F 999 -- ./programu
```

`-b` ni sawa na `-j any`, yaani miruko yote iliyotekelezwa. Kiambishi `:u` hubakisha sehemu ya mtumiaji pekee. Kinafaa hasa pale `perf_event_paranoid` ilipowekwa 2, maana asiye na mamlaka ya juu haruhusiwi kupima keneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kila sampuli hubeba rundo zima la rejista za miruko, ambamo prosesa huweka miruko ya karibuni: 16 kwenye Haswell, 32 kwenye Skylake, 16 kwenye AMD Zen 4. Faili la `perf.data` litakua haraka, na ndiyo sababu tumeshusha masafa (sampuli kwa sekunde) hadi 999 badala ya kuacha 4000 ya kawaida.

AMD Zen 3 ina njia yake. Haikubali masafa, inataka kipindi maalumu (idadi ya matukio kati ya sampuli moja na nyingine) na tukio lake lenyewe:

```
perf record -b -c 1000037 -e cpu/branch-brs/ -- ./programu
```

Namba 1000037 haikuchaguliwa ovyo. Ukitumia namba ya duara kama 1000000, sampuli zinaweza kwenda hatua moja na kitanzi cha programu, zikaangukia mahali pale pale kila mara.

Amri ikikataa kwa madai kwamba vifaa haviwezi kuchukua sampuli za miruko, angalia kwanza kama uko ndani ya mashine pepe. Nyingi hazipitishi rejista hizi kwa mgeni, na hakuna chaguo la perf litakalorekebisha hilo.

Kusoma ripoti kwa anwani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe:

```
perf report --stdio -s comm,addr_from,addr_to
```

Safu za `addr_from` na `addr_to` hupanga kwa anwani ya mruko. Jina la funksheni bado linaonyeshwa, ila sasa linafuatwa na umbali kutoka mwanzo wake, kwa umbo hili:

```
[.] chuja+0x3c    [.] chuja+0x10
[.] chuja+0x58    [.] chuja+0x71
```

Mstari wa kwanza unarudi nyuma, kwa hiyo huenda ni mwisho wa kitanzi. Wa pili unaruka mbele, labda sharti. Kwa `symbol_from` miwili hii ingekuwa mstari mmoja. Kupanga hivi kunasaidia pia `perf annotate`, inayoonyesha msimbo agizo kwa agizo, kwa sababu kila mruko unapata hesabu yake mwenyewe.

Kama perf yako haizijui safu hizi, ni toleo la zamani, lisasishe. Wengine hujaribu kukwepa kwa `-v`, ambayo kweli huchapisha anwani kando ya jina. Hiyo ni mtego: mistari imeshaungana, na anwani unayoiona ni ya mruko mmoja tu kati ya iliyorundikwa.

Prosesa hubashiri mapema mruko utaelekea wapi. Ukitaka kujua ubashiri uliokosea, ongeza `mispredict`:

```
perf report --stdio -s addr_from,addr_to,mispredict
```

Asilimia za hapa si muda. Katika hali ya miruko kila rekodi huhesabiwa moja, hivyo asilimia 40 maana yake ni kwamba mruko huo ni asilimia 40 ya rekodi zote za miruko. Kitanzi kifupi chenye mwili mwepesi kitaonekana kikubwa kuliko uzito wake.

Kutoka anwani hadi msimbo

Jenga programu kwa `-g`, kisha tumia safu za `srcline_from` na `srcline_to`, zinazoonyesha faili na mstari wa msimbo chanzo. Inaweza kuwa polepole sana, hasa pale perf inapolazimika kuita `addr2line` ya nje. Tena usiziache safu za anwani: mstari mmoja wenye `&&` na `||` hutoa miruko kadhaa, na `srcline` peke yake itairundika upya.

Njia ya uhakika ni kufungua asembli:

```
objdump -d --disassemble=chuja ./programu
```

Jumlisha umbali na mwanzo wa funksheni. Anwani ya kutoka lazima iangukie kwenye agizo la kuruka, la kuita au la kurudi; anwani ya kwenda iwe agizo la kwanza linalofuata kutekelezwa. Anwani hizi hazitelezi kama inavyoteleza anwani ya sampuli yenyewe, kwa hiyo usikubali jibu la "karibu hapo". Ukikuta `add` au `mov` mahali pa mruko, mara nyingi faili limejengwa upya baada ya kurekodi. Linganisha utambulisho wa ujenzi kwa `perf buildid-list` na `readelf -n`. Ikiwa umerekodi pamoja na keneli na upande wa kwenda uko ndani ya keneli, hapo ni katizo (interrupt), na agizo lolote linaweza kukatizwa.

Ukiona `chuja.cold`, usiitafute ndani ya `chuja`. Kompaila ya GCC hutenga sehemu ya funksheni isiyotumika sana na kuiweka mbali, na umbali wake huhesabiwa kutoka mwanzo wake mwenyewe.

Anwani ghafi

Kwa uchambuzi kwa hati (script) zako mwenyewe:

```
perf script -F ip,brstack
```

Kila rekodi ina anwani ya kutoka, ya kwenda, alama ya M au P kwa ubashiri uliokosea au uliofaulu, kisha alama nyingine na mapigo. Mruko mpya zaidi ndio unaotangulia. Kati ya anwani ya kwenda ya mruko wa zamani na ya kutoka ya unaofuata, maagizo yote yalitekelezwa mfululizo.

Anwani hizi ni za kumbukumbu, na programu hupakiwa mahali tofauti kila inapoanza. Kuzirudisha kwenye faili kunahitaji hatua mbili. Kwanza, kutoka `perf script --show-mmap-events`, toa mwanzo wa ramani, jumlisha ofseti yake. Tuseme anwani ni 0x55d0c8a0124c, ramani inaanza 0x55d0c8a01000, ofseti 0x1000: unapata 0x124c ndani ya faili. Pili, kwa `readelf -lW`, toa ofseti ya segmenti na jumlisha anwani yake pepe. Ikiwa segmenti ina ofseti 0x1000 na anwani 0x2000, jibu ni 0x224c, na hiyo ndiyo unayoitafuta ndani ya `objdump`. Hatua ya pili husahaulika kwa sababu kwa kiunganishi (linker) cha GNU namba hizo mbili kwa kawaida hulingana. Ukiunganisha kwa lld, kiunganishi cha LLVM, kwa kawaida hazilingani.

Unapolinganisha vipimo vya kabla na baada ya marekebisho, kumbuka kwamba kompaila imehamisha kila kitu: `chuja+0x3c` ya jana si ya leo. Oanisha miruko kwa `srcline_from`, kisha tumia umbali kuitofautisha ile iliyo kwenye mstari mmoja.