Tangazo linalofukuza watu: namna ya kuuza vigari vya Hot Wheels na Matchbox mtandaoni

Ukitangaza kigari cha kukusanya kwenye soko la mtandaoni, jiandae kupigiwa na mtu anayetafuta gari la kweli. Niliwahi kuandika "Datsun 620 pikapu, buluu, 900", na kwenye picha kigari chenyewe kimekaa kiganjani mwangu. Jioni simu ikalia.

"Mzee, ile Datsun bado iko?"

"Iko."

"Hiyo mia tisa ni elfu mia tisa, sivyo? Na logbook ni ya jina lako?"

Nikamwambia gari lenyewe liko mfukoni. Akakata.

Wengi wanaoingia biashara hii wanaogopa kukosa wateja. Wateja wapo, tena wamejaa, ila karibu wote si wako. Yuko mzazi anayetaka kitu cha kumnyamazisha mtoto, na kwake yeye kigari ni shilingi 50, hakuna mjadala. Yuko asiye na kazi, anayeuliza bei za vitu vyote mjini. Halafu yuko mkusanyaji, ambaye kigari kile kile atakilipia 1,500 na ashukuru. Soko linawaleta wote watatu mlangoni kwako kwa pamoja, na wawili wa kwanza ndio watakaokumalizia bando na subira. Kwa hiyo tangazo zuri ni lile linalowafukuza hao wawili kabla hawajakuandikia.

Huwezi kuandika tangazo la namna hiyo kama hujui umeshika nini, basi tuanzie hapo. Mimi vigari vyangu huokota soko la Kongowea, Mombasa, kwenye mafungu ya vitu vya kuchezea vya mtumba. Wenye mzigo wakishatoa kamera, vile vizuri vya juu, kilichobaki humwagwa kwenye turubali, na vigari hulala chini kabisa, chini ya midoli ya dubu na simu za plastiki zisizo na betri. Ukikishika, kipindue. Mkusanyaji haangalii paa wala milango, anaangalia tumbo.

Ukisoma "Lesney" na "England", hicho ni Matchbox cha zamani. Lesney, kampuni ya Uingereza, walianza kutoa vigari vya jina hilo mwaka 1953 na wakafilisika 1982. Baada yao utakuta Macau, kisha China na Thailand. Tangu 1997 jina la Matchbox liko mikononi mwa Mattel, wale wale wenye Hot Wheels. Kwa hiyo maneno hayo mawili, Lesney na England, yanatosha kukuambia kigari hicho kina zaidi ya miaka 40.

Hot Wheels wanachanganya zaidi. Ule mwaka ulioandikwa tumboni ni mwaka wa kusajiliwa kwa umbo, si mwaka wa kutoka kiwandani. Kigari chenye 1982 kinaweza kuwa kimetengenezwa juzi. Ugomvi mwingi wa magrupu ya WhatsApp unatoka hapo: mtu anaapa ana kigari cha mwaka fulani, mwenzake anamwita tapeli, na wote wawili wanasoma namba moja. Tazama badala yake ile alama ndogo iliyopigwa tumboni, herufi moja na tarakimu mbili. Imekuwepo tangu 2008. Herufi ni mwaka, tarakimu ni wiki. Pasipo na alama hiyo, kigari ni cha kabla ya hapo, ukadirie kwa nchi kilikotengenezwa na aina ya magurudumu.

Vya kwanza kabisa, vya kuanzia 1968 hadi 1977, vina mstari mwembamba mwekundu kwenye matairi. Lakini usiruke. Mattel wenyewe wamerudisha mstari huo kwenye matoleo mapya ya kukumbushia zamani, kwa hiyo tumbo ndilo litakaloamua.

Na kabla hujaandika neno "adimu", kagua ribiti, zile nukta mbili za chuma zinazoshikanisha tumbo na bodi. Zikiwa zimetobolewa kwa drili, au pana gundi, kigari kimefunguliwa. Watu hufungua vigari vya kawaida, wakavivisha matairi ya mpira, kisha wakaviuza kama Super Treasure Hunt, toleo lile la rangi ya kung'aa na herufi TH kwenye bodi ambalo wakusanyaji hulipigania. Wewe uliyekiokota kwenye turubali huenda huna kosa lolote, ila mnunuzi hatakuwa na haja ya kujua nani alianza. Andika wazi: kimefunguliwa.

Kuhusu kuosha, maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na mswaki uliochakaa vinatosha. Palipo na stika usipasugue. Kisha kikaushe sawasawa, kwa kitambaa halafu mbele ya feni, maana kwa hewa yetu ya chumvi hapa Pwani, maji yaliyobaki kwenye ekseli yanageuka kutu mapema. Usipake rangi upya, hata ukiwa fundi. Kigari kilichochubuka rangi yake ya asili kina thamani kuliko kilichopakwa upya, na sijui mkusanyaji anayefikiri vinginevyo.

Bei nayo usiitazame kwenye matangazo ya wenzako, maana hayo ni maombi. Tafuta bei ambazo vigari vya aina hiyo vimeshauzwa. eBay ina kichujio cha kuonyesha vitu vilivyouzwa tu, na huko utaona kigari kinachoombewa dola 60 kimekuwa kikitoka kwa 8. Kisha punguza tena, kwa kuwa mnunuzi wako yuko Nairobi au Nakuru, hayuko Ohio. Kuna jambo moja linalopandisha bei hapa kwetu kuliko kule: mbio za magari za Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971, ikashinda tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Taja hilo kwenye tangazo la 240Z uone wazee wanavyokuandikia. Hao ndio wateja ninaowapenda. Hawaombi kupunguziwa. Wanataka tu kukusimulia kwa saa nzima walivyosimama matopeni wakingoja magari yapite, na wewe usikilize, maana mwezi ujao watarudi.

Picha ni za asubuhi, barazani, kivulini. Jua la saa sita linafanya rangi zote kuwa nyeupe na linaficha mikwaruzo, halafu mikwaruzo hiyo itajitokeza mlangoni kwa mnunuzi. Weka karatasi nyeupe chini, kigari juu yake, na sarafu ya shilingi 20 pembeni. Sarafu hiyo ndiyo dawa ya watu wa logbook. Piga pande zote nne, juu, na tumbo kwa karibu hadi maandishi yasomeke. Halafu piga kasoro mbaya kuliko zote peke yake, na picha hiyo uiweke ya pili, usiifiche mwisho.

Sasa maandishi. Hili ni tangazo langu la kawaida, linakilini mkitaka:

"KIGARI CHA KUKUSANYA, urefu sm 7, si gari la barabarani. Matchbox, Lesney England, VW 1500. Mlango wa kushoto umechubuka, tazama picha ya 2. Gurudumu moja la nyuma limelegea. Kasha hakuna. Bei 1,800, haipungui. Ukichukua vitatu nagharamia basi hadi Nairobi. Malipo kwanza. Siweki akiba zaidi ya saa 24. Ukiandika, nitajie namba ya kwenye mlango ili nijue umesoma."

Mstari wa mwisho ndio chujio. Kigari hicho kina stika ya 137 kwenye mlango, na inaonekana kwenye picha ya kwanza. Anayekuja na "137, naomba kukichukua" ni mtu. Anayekuja na "bado ipo?" hajasoma kitu, na kuna masoko yenye kitufe kinachotuma swali hilo lenyewe, hata mtu hahitaji kuandika. Mimi huwajibu kwa jibu moja nililolihifadhi: "Ipo. Soma tangazo, kisha nitajie namba." Wengi hawarudi. Alhamdulillahi.

"Mwisho ngapi?" nayo usiibishanie. Ukijibu 1,700, umeshamwambia 1,800 ilikuwa uongo, na atakuja na 900. Jibu bei ile ile kwa adabu, unyamaze. Kama unataka kupunguza, punguza kwa wingi, kama nilivyofanya hapo juu kwenye vitatu. Anayesema "niwekee, nitalipa mwisho wa mwezi" mwekee saa zile 24 ulizoandika, halafu mpe mwingine bila kumwomba radhi. Tangazo lilishasema.

Tangazo lako pia linaweza kufutwa na mashine. Langu la jeep ya kijeshi liliondolewa kwa sababu eti nauza silaha, na bunduki yenyewe ni kijiti cha plastiki kisichofika ukubwa wa punje ya mchele. Rufaa ikajibiwa na mashine ile ile. Tangu hapo sitaji jeshi, bunduki wala kifaru. Naandika "jeep ya kijani, Matchbox", na nageuza bomba la bunduki lisionekane kwenye picha ya kwanza. Hakikisha pia umeweka tangazo kwenye sehemu ya vitu vya kukusanya au vya kuchezea. Soko likikuhamishia kwenye magari, rudisha siku hiyo hiyo, maana waulizaji wa logbook watakuwa njiani.

Kwenye malipo, usione haya kuonekana mgumu. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huingia kwa jina MPESA, chini ya jumbe zako za zamani. Wa bandia hutoka kwa namba ya mtu, ingawa maneno yamenakiliwa hadi nukta ya mwisho. Usibishane na ujumbe, angalia salio. Mkikutana ana kwa ana, kutaneni ndani ya duka kubwa au kwenye kituo cha mafuta chenye watu, na salio uliangalie kigari kikiwa bado mkononi mwako. Kuna na mchezo wa pili: mtu analipa pesa halali, anaondoka na kigari, kisha anatuma ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha malipo yaliyokosewa, akidai alikosea namba na anataka arudishiwe. Kinga yake ni maandishi. Kabla hajalipa, mwambie akuandikie: "Nanunua kigari hiki kwa 1,800, natuma kwa namba hii." Hifadhi picha ya mazungumzo hayo hadi mzigo ufike. Naye aliye ng'ambo anayekulipa zaidi ya bei uliyotaja, kisha akakutumia kiungo cha "kupokelea" hela, mfungie. Kupokea pesa hakuhitaji PIN yako hata siku moja.

Kufunga mzigo ndiko ninakotumia muda mrefu kuliko yote. Kigari hukizungushia tishu, kisha plastiki ya mapovu, kisha nakitia kwenye kikasha kidogo kigumu. Vikasha vya majani ya chai vinafaa sana. Tikisa karibu na sikio. Ukisikia kinacheza ndani, fungua uongeze karatasi. Kilicho bado kwenye kadi yake ya dukani kinataka vipande viwili vya boksi, mbele na nyuma, kwa sababu mnunuzi wa kadi analipia pembe nne zisizokunjika kuliko anavyolipia chuma. Na utakapokuwa unafunga, simu irekodi video moja isiyokatwa: kigari juu na chini, kikiingia kikashani, gundi, jina na namba ya mpokeaji. Nenda nayo hadi ofisi ya vifurushi ya basi pale Mwembe Tayari, ukamalizie kwa picha ya stakabadhi.

Video hiyo itakuokoa siku mtu atakaposema kimefika kimevunjika, au atakapokurudishia kigari kingine kibovu cha rangi ile ile. Ndiyo, wanafanya hivyo. Kwa hiyo kabla ya kufunga, chagua mkwaruzo mmoja mdogo tumboni, uupige picha ya karibu, usiuweke kwenye tangazo. Kikirudi bila mkwaruzo huo, si chako, na unaweza kuonyesha kwa nini. Kama kasoro ni ya kweli na wewe hukuitaja, rudisha pesa pamoja na nauli siku ile ile. Wakusanyaji Kenya hii ni wachache na wanajuana wote.

Kutuma ng'ambo ni kwa vile vya bei tu. Posta wanapokea kifurushi kidogo hadi kilo 2, na utajaza fomu ya forodha ya CN22. Andika kilichomo na bei yake halisi. Mnunuzi atakuomba uandike "zawadi, dola 5". Kataa, kwa sababu kikipotea thamani uliyoiandika ndiyo inayohesabiwa. Tena kwenye masoko ya nje, soma kwanza wanakaa na hela yako siku ngapi kabla ya kuitoa, na kama wanaitoa kwenye akaunti unayoweza kuifungua ukiwa hapa.

Vitabaki ambavyo hakuna mkusanyaji atakayevigusa: vilivyopakwa upya, visivyo na gurudumu, vya kiwanda kisichojulikana. Hivyo ndivyo vya wale wazazi uliowafukuza. Tia kumi kumi kwenye mfuko mmoja wa wavu, ukate vyenye ncha kali na vinavyong'oka visije vikaingia mdomoni mwa mtoto, na utangaze mfuko mzima kwa bei moja wiki mbili kabla ya Idd na tena kabla ya Krismasi. Kwenye tangazo hilo usiweke swali la namba. Weka mahali pa kuchukulia na saa.